Kiti cha Kando ya Mkwe Wangu

Majina ya watu wa habari hii nayakumbuka yote. Hata la karani wa stendi nalikumbuka, na alilitaja mara moja tu, tena akiwa amekasirika. Lakini hapa siandiki hata moja, na sababu yake ni hii. Kwa jinsi nilivyolelewa mimi huku Ufipa, mama hatamki jina la mume wa binti yake. Sasa nikiwaandika wengine wote na kumruka yeye, atabaki peke yake katikati ya karatasi kama mtu aliyevuliwa kofia. Basi nimewaacha wote.

Mwaka ule wa korona nilikuwa nakaa Sumbawanga mjini kwa kijana wangu mkubwa. Shule zilikuwa zimefungwa, wajukuu wanashinda nyumbani, ulezi uliotoka shamba umeanikwa uani na kuku wanafukuzwa kuanzia asubuhi. Kila mlangoni kulikuwa na kibuyu chirizi, dumu limetundikwa kwenye mti na kamba ya kukanyagia kwa mguu, sabuni imening'inizwa pembeni. Tulijifukiza kwa majani ya mkaratusi na tangawizi mpaka blanketi zote za nyumba ile zikanuka dawa. Kanisani benchi la watu saba lilikaliwa na watatu.

Kupeana mikono kukakoma. Hapo sisi wazee tulicheka kidogo, maana salamu yetu ya zamani haina haja ya mkono. Unachutama, unapiga makofi polepole, mwenzako anakujibu kwa makofi yake kutoka hapo alipo. Vijana walikuwa wameanza kuionea haya, wanaiona ya shamba. Mwaka ule ikarudi. Hata jirani yetu, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mbeya, alikuwa akipita kwenye uzio anasimama, anaweka mkoba chini, ananipigia makofi. Anapiga haraka mno, kama mtu anayeshangilia mpira, lakini anapiga.

Binti yangu wa mwisho ameolewa Namanyere. Mume wake ni mtu wa Kipili, wa ziwani, ila kazi yake ni ya nchi kavu, fundi wa mashine za kusaga. Walikuwa wamezaa watoto wawili, na wote wawili hawakukaa. Wa kwanza miezi mitatu, wa pili hata kunyonya hakuzoea vizuri. Wote waliitwa majina ya upande wa baba, ya babu zake. Wa tatu alipozaliwa, msichana, wazee wa pande zote mbili wakapatana kwamba safari hii aje mama wa binti, yaani mimi, nimwite mtoto.

Kumwita mtoto ni hivi. Unakaa naye karibu, saa ile anapolia, unataja majina ya waliotutangulia, moja moja, kwa sauti ya chini. Jina litakalomtuliza ndilo lake. Nilimwona bibi yangu mzaa mama akifanya, na yeye ndiye aliyenilisha majina yale yote kama uji. Shule nilikwenda kidogo sana, lakini majina ya kwetu sikuandikiwa na mtu, yako kichwani.

Nilitaka nisubiri hali itulie ndipo niende. Lakini binti yangu akapiga simu.

"Mama, hatulii. Jua likiinama tu, anaanza. Analia mpaka anakauka sauti."

"Mmempeleka hospitali?"

"Mara mbili. Wanasema mzima, uzito unapanda. Hana homa." Akashusha sauti. "Mama, na wale wengine hawakuwa na homa."

Kijana wangu alikuwa akiniangalia muda wote ninaongea, na nilipoweka simu akajua.

"Mama, redio inasema wazee wakae ndani."

"Ndani nimekaa. Nimekaa mpaka kiti kimepata umbo langu."

"Si mzaha, mama. Umri wako ndio wenyewe."

"Na umri wa yule je?" nikamwambia. Akatoka nje kwenda kufukuza kuku, na kuku hawakuwapo.

Siku mbili baadaye mkwe wangu akaja kunichukua. Alikaa nyuma ya jiko, amegeuzia mgongo mlango, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa ndani, hatua sita hivi, na mazungumzo yakapita kwa mke wa kijana wangu.

"Mwambie mama kwamba gari ni kesho asubuhi."

"Mama, gari ni kesho asubuhi."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia."

Mke wa kijana wangu hakulelewa huku, ni mtu wa Mbeya, na alikuwa ameshika mwiko wa ugali mkononi. "Jamani, mnasikiana nyie wawili. Mimi ugali wangu unaungua!" Lakini alimaliza kazi yake.

Asubuhi stendi ilikuwa baridi, upepo ule wa mwezi wa tano unaoingia mpaka kwenye meno. Magari yalikuwa machache, watu wanaogopa kusafiri. Ndoo za maji zimepangwa mlangoni, unanawa, ndipo unakwenda kwa karani mwenye daftari. Kijana mgeni, barakoa imemfunika mpaka chini ya macho. Gari lile lilikuwa na sheria zake. Kwanza, leveli siti, hakuna kusimama. Pili, watu wa nyumba moja wakae pamoja kwenye kiti cha wawili, wasiojuana watenganishwe. Kila mtu ameandikwa jina na namba ya kiti, ili akipatikana mgonjwa ijulikane alikaa na nani.

"Shikamoo bibi. Uko peke yako?"

"Marahaba. Niko na mkwe wangu, yule pale kwenye nguzo."

"Mwite aje."

"Siwezi kumwita."

"Haya, anaitwa nani, nimwite mimi?"

Nikatazama ndoo za maji.

"Bibi," akasema, na kalamu akaiweka chini, "umesahau jina la mkweo?"

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mimi nisahau jina! Ningeweza kumtajia kijana yule majina ya wote tuliobatizwa siku moja, na mama zao, na aliyekojoa kwenye kanzu ya padri. Lakini hilo moja lilikuwa limekaa mdomoni mwangu na halina ruhusa ya kutoka.

Mkwe wangu akaona aibu yangu, akasogea, akajitaja mwenyewe. Karani akauliza, "Kwa hiyo ninyi ni familia moja?" Naye, kwa heshima, kwa kutaka nitazamwe vizuri, akajibu kwa sauti, "Ndiyo kabisa. Huyu ni mama yangu, mama wa mke wangu."

Hapo ndipo tulipokosea. Karani akaandika kumi na nne na kumi na tano, kiti kimoja cha wawili.

Nilipanda mimi kwanza, nikakaa dirishani. Nikamwona mkwe wangu ameishia kwenye ngazi. Siku za kawaida jambo hili lina ufumbuzi mwepesi, yeye anasimama nyuma huko au mlangoni, mimi nakaa mbele na wanawake, hatuonani mpaka Namanyere. Bega la mkwe kugusana na la mama mkwe, hilo hapana. Hata kula tu hatuli tukitazamana.

"Mshikaji, panda, tunachelewa," kondakta akamwambia.

"Nitasimama."

"Leo hakuna kusimama."

"Basi nitakaa chini, hapa kwenye mlango."

"Chini nako ni kusimama tu, umejikunja! Kaa kwenye kiti chako."

Mtu mmoja wa kiti cha nyuma alitaka kubadilishana naye. Karani akapanda na daftari lake, akakataa, kila mtu abaki alipoandikwa. Dereva akapiga honi. Mkwe wangu akainamisha kichwa, akashuka. Nami nikaona, akibaki yeye nitafikaje peke yangu mlangoni kwake bila yeye, na watu watasema nini. Nikashuka. Gari likaondoka na viti vyetu viwili vitupu.

Tulirudi nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma kwa umbali wa nyumba mbili. Kijana wangu akauliza, "Gari limeharibika?" Nikampita, nikaingia ndani.

Jioni binti yangu akapiga. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto. Nilimweleza, nikidhani atasema mmefanya vizuri, mama, maana adabu hiyo nilimfundisha mimi. Hakusema hivyo.

"Mama, mwanangu anasubiri kiti?"

Hakuwa amekasirika. Nilikaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata, nikatazama ulezi uani unavyoingizwa ndani kabla ya umande. Nikafungua sanduku langu, nikatoa kitenge kizito, kile cha kuvaa kanisani, na pini mbili za kufungia nepi.

Kesho yake tukarudi stendi. Karani alikuwa yuleyule.

"Bibi wa jana! Leo umelikumbuka jina?"

"Uliandike kama ulivyoliandika jana," nikamwambia. "Na viti vilevile."

Nikapanda, nikafungua kitenge, nikakipachika kwa pini kwenye keria ya mizigo ya juu, kikashuka katikati ya kiti mpaka magotini. Nikageukia dirisha. Nikasikia kiti kinabonyea upande wa pili, taratibu sana, kama mtu anayekalia mayai.

Ng'ambo ya njia alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa maharage, mtu wa Mbeya, mwenye sauti ya soko.

"Jamani bibi! Mmefunga pazia, humo ndani kuna harusi?"

"Hakuna harusi. Kuna adabu."

"Adabu gani ya kuning'inia?"

Nikamweleza. Akatutazama huku na huku, akacheka mpaka barakoa ikashuka puani, akaipandisha. "Sasa bibi, uso wake unauona? Uso wako anauona? Wote mmejifunga vitambaa mpaka machoni. Hii korona imewatengenezea pazia la bure!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na nilihisi upande wa pili wa kitenge naye anacheka kwa kujizuia. Nikwambie ukweli, lile neno la yule mama lilinipunguzia uzito. Nilikuwa sijalifikiria. Macho tu ndiyo yaliyobaki nje, na macho kila mtu alikuwa akiyaona ya kila mtu.

Gari likaondoka. Kila kona kitenge kiliteleza na kumwangukia mkwe wangu kichwani. Mara ya tatu akaacha kukirudisha, akakishika kwa mkono ukingo wa juu, akakishikilia hivyo. Niliona vidole vyake vinne tu, na kucha zenye grisi isiyotoka.

Kwanza aliongea kupitia yule mama. "Mwambie mama, nimepigiwa simu, hata jana mtoto hakulala mapema." Yule mama ananiambia. Nami namjibu, "Mwambie aniambie ananyonya vipi." Yule mama anamwambia. Baada ya hapo yule mama akachoka. "Mimi siyo simu yenu! Ongeeni na nguo hiyo, mimi nalala." Akajifunika, akalala kweli, na mkoba wake wa maharage mapajani.

Nje mahindi yalikuwa yamekauka, mengine yamevunwa, na majani ya vilimani yameanza kugeuka rangi.

"Mama," nikasikia. "Nisamehe. Nasema na nguo."

"Sema nayo," nikaiambia nguo.

Akaniuliza nitaita majina gani. Hakuna mkwe aliyewahi kuniuliza hivyo, lakini hakuna mkwe aliyewahi kukaa hapo. Nikamtajia. Mama yangu. Mama yake mama. Dada yake bibi, aliyeishi mpaka akaota meno mapya, au ndivyo walivyosema. Shangazi zangu wawili. Mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho, na tulikuwa tumepita Chala alipoongea tena.

"Kuna mmoja sikumsikia. Lakini siyo wa kwenu, na mimi sina haki."

"Ni nani?"

"Shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyenilea Kipili, mama yangu alipofariki. Alikuwa anaanika dagaa mchangani. Alinibeba mgongoni huku anazigeuza, kwa hiyo mimi nimekua nikiliona jua kutoka begani kwake. Nilikuwa ninalia sana, waliniambia. Yeye ndiye alikuwa ananinyamazisha." Akakikaza kitenge. "Hakuzaa, mama. Kwa hiyo hakuna aliyeitwa jina lake. Wazee walimruka watoto wangu wote wawili walipozaliwa. Nami sikusema."

Na mimi ningemruka. Bibi yangu alinifundisha hivyo wazi kabisa, kwamba jina la asiyezaa haliitwi juu ya mtoto, linaachwa lipumzike na mwenyewe. Niliwajua wanawake wanne wa aina hiyo katika ukoo wetu. Majina yao ninayo, na katika kumtajia yeye pale nilikuwa nimewapita wote wanne bila hata kuhisi nimepita mtu. Nilitazama vidole vile vinne. Mkono ulikuwa umechoka, na hajaubadilisha.

Namanyere ilikuwa imekaribia, watu wameanza kutafuta mizigo yao, nilipoiambia nguo, "Nipe jina."

Akalitaja. Lilikuwa jina fupi, la watu wa ziwani. Nikalirudia kimoyomoyo mara mbili, kama ninavyoyafanyia yote.

Tulishuka, tukanawa, nikatangulia, naye nyuma kwa umbali wake uleule. Nyumbani sikuingia moja kwa moja. Niliomba maji ya moto, nikaoga bafuni nje, nikabadili nguo zote, nikavaa barakoa safi. Binti yangu alitaka kunikumbatia, nikamwambia hapana, kaa hukohuko. Nikakaa kizingitini, yeye kwenye mkeka ndani, hatua kama nne kati yetu, na mtoto amelala kwapani mwake, ana nywele nyingi kuliko uso. Binti yangu alikuwa amekonda. Alinionyesha kadi ya kliniki kutoka kule alikokaa. Pale pa jina paliandikwa "mtoto wa", halafu jina lake yeye.

"Sikutaka waandike kitu," akasema. "Wale niliwaandikisha mapema."

Jua likainama. Mtoto akaanza, kwanza kama anayekohoa, kisha kwa nguvu yote. Kilio kile kilikuwa kikubwa kwa mwili ule. Nikaanza kuita. Mama yangu. Akalia. Mama yake mama. Akalia. Dada yake bibi. Shangazi wa kwanza, shangazi wa pili. Binti yangu ananitazama kila jina linavyopita, na nilijua anahesabu, maana majina hayo anayajua. La mwisho lilipopita aliinamisha uso kwenye nywele za mtoto.

Nikaita lile la gari.

Sitasema kulitokea muujiza. Mtoto alikuwa amelia muda mrefu, huenda alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake. Alivuta pumzi moja iliyokatikakatika, akavuta nyingine. Akageuza kichwa. Nikaliita tena, chini zaidi, na akaanza kutafuta titi, akalipata, akanyonya kwa kelele kama mbuzi mdogo.

Binti yangu hakusogea. "Mama, huyo ni nani? Simjui."

"Muulize mumeo."

Yeye alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, sikumwona. Alikuwa akipasua kuni kabla ya hapo, na shoka lilikuwa limenyamaza. Kisha nikasikia makofi, polepole, ya mikono mikubwa, kwa nafasi sawa, kama mtu anayepiga amechutama mbele ya mkubwa wake aliyefika kutoka mbali. Hakuwa akinisalimia mimi, na sikuitikia. Nilimwachia aliyesalimiwa.

Nilikaa Namanyere majuma kadhaa. Siwezi kusema mtoto hakulia tena. Alilia kama wanavyolia watoto, na binti yangu akawa anamfokea kwa jina, hapo ndipo nilipojua hofu imemtoka. Kliniki waliandika jina kwenye kadi, wakauliza linaandikwaje. Wazee wa upande wa baba walipopata habari, mmoja alinung'unika kwamba jina la asiyezaa limeitwa. Nikamtumia ujumbe kwamba sasa shangazi yule ana mtoto, na kama analo la kusema aje aliseme mbele ya mwenye jina. Hakuja. Sasa msichana yuko shuleni, na ni mkaidi.

Siku ya kurudi Sumbawanga mkwe wangu alinisindikiza. Masharti yalikuwa yamelegea, hakuna daftari, hakuna namba, kila mtu anakaa anapopata, na wa kusimama wanasimama. Nilipata kiti cha wawili karibu na mbele, na kwa bahati kando yangu pakabaki patupu. Yeye alisimama mlangoni, amegeuzia mgongo, ameshika bomba la juu kwa mkono uleule, njia nzima. Abiria walimwambia, "Kaka, si kuna nafasi pale kwa bibi?" Akawajibu kwamba amezoea kusimama.

Nikatoa kitenge changu mkobani, nikakikunja vizuri, nikakiweka kwenye kile kiti ili mtu mwingine asikikalie.